Hatua 31 kutoka mlangoni hadi mtoni

Kwenye ukuta wa kanisa letu, kando ya mlango wa chumba cha mchungaji, kuna mistari miwili iliyokwaruzwa kwa msumari. Wa juu una namba 97, nao unanifika kifuani. Wa chini una 23, unanifika gotini. Ni alama za maji. Mara hizo mbili Mto Tana ulipoingia kanisani, mtu alisubiri maji yatulie, akatafuta msumari, akaandika. Mpaka leo hakuna anayekiri kuwa ni yeye, maana ukuta ulikuwa umetoka kupakwa rangi ya harambee.

Nyanya yangu huicheka mistari hiyo. Anasema mafuriko ya mwaka 1961 yangepita juu ya madirisha, ila siku hizo kanisa lilikuwa la udongo na makuti, na ukuta wenyewe ulikwenda na maji. "Sasa ungeandika wapi?"

Kanisa letu ni dogo, la Wapokomo wa Kimethodisti, ukishuka na mto kutoka Garsen kuelekea upande wa Ngao. Jina lake nitaliacha, kwa sababu mwenyekiti wa kamati hunisoma na tayari ana malalamiko ya kutosha. Yeye ndiye aliyenipa kazi hii. Walitaka historia ya kanisa isomwe siku ya sikukuu ya mavuno, dakika 5, si zaidi. Mimi nina kibanda cha M-Pesa na kupiga chapa pale Garsen, na kwetu mwenye kompyuta ndiye mwanahistoria.

Nikapewa karatasi moja iliyopigwa kwa taipureta, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Inaanza hivi: wamisionari walifika mwaka 1887, wakatukuta gizani, wakatuletea nuru. Halafu majina ya wachungaji. Halafu bei ya mabati. Basi. Kati ya ile nuru na yale mabati hakuna kitu, kana kwamba watu walikaa miaka yote hiyo wakiangaliana.

Nilikuwa nimeshaanza kuinakili hivyohivyo. Nilikuwa na foleni dukani, na dakika 5 ni dakika 5. Kilichonizuia ni neno dogo alilolitupa nyanya siku nilipompelekea sukari. Nilimsomea ule mstari wa kwanza, akasema, "Hao wazungu hawakuja kwetu. Walikuwa wakiwatafuta Waorma. Sisi tulikuwa njiani tu."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikaenda kuchimba, na kumbe nyanya alikuwa sahihi kuliko karatasi.

Inabidi uanze na Ludwig Krapf, yule Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, ambaye kila mtoto wa shule Kenya anajua kwamba alifika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine mwaka huohuo. Tunachofundishwa kidogo ni kwamba Mombasa kwake ilikuwa mlango wa nyuma. Alikuwa Ethiopia kwanza, akafukuzwa, na nia yake ilibaki kuwafikia watu ambao vitabu vya zamani vinawaita Wagala, jina wasilolipenda wenyewe: Waoromo, na ndugu zao wa huku kwetu, Waorma. Aliamini kabila lile kubwa la wafugaji na wapanda farasi likishika Injili, litaibeba Afrika nzima. Aliwalinganisha na Wajerumani wa Ulaya, na huyo akiwa Mjerumani mwenyewe, utaona sifa ilivyokuwa kubwa. Sisi Wapokomo, wakulima wa migomba na mpunga wenye mitumbwi, hatukuwa ndotoni mwa mtu.

Mwaka 1862 Krapf, akiwa ameshazeeka na afya imemwisha, aliwasindikiza Wamethodisti wa kwanza hadi pwani, akawaacha Ribe, nyuma ya Mombasa. Kiongozi wao alikuwa Thomas Wakefield. Ribe ni kwa Wamijikenda, lakini hata Wakefield macho yake yalikuwa kaskazini, kwa Waorma. Mwaka 1865 alisafiri akawatembelea. Halafu akarudi Ribe, akangoja. Alingoja miaka 20. Mkewe Rebecca alifia hukohuko Ribe mwaka 1873. Mwenzake Charles New, ambaye mwaka 1871 alikuwa Mzungu wa kwanza kuigusa theluji ya Kilimanjaro, naye alikufa mwaka 1875 akiwa safarini. Wakefield bado anangoja.

Na katika miaka hiyo aliyokuwa akingoja, wale Waorma wa ndotoni walikuwa wanavunjika. Wasomali waliwashambulia kutoka kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1860, Wamasai wakawa wanawanyang'anya ng'ombe kutoka magharibi. Watu waliokuwa mabwana wa nchi yote hii kuanzia Mto Juba, waliokuwa wakitoza kodi mpaka kwetu mtoni, wakasukumwa wakabanwa kwenye mto wenyewe. Nyanya anasema babu zetu walikuwa wakiwapa sehemu ya mavuno ili waachwe walime, na anavyolisimulia utadhani alitoa yeye mwenyewe juzi.

Kwa hiyo Wamethodisti walipofanikiwa mwisho kufungua kituo Golbanti, mtoni, katikati ya miaka ya 1880, walikuwa wamewafikia watu waliokuwa nusu ya vile Krapf alivyowaona. Kituo kilikuwa na umri wa mtoto mchanga. Wakapelekwa hapo mchungaji kijana wa Kiingereza, John Houghton, na mkewe Annie. Mei 1886 Wamasai walikuja kutafuta ng'ombe wa Waorma, wakaipitia Golbanti, na Houghton na mkewe wakauawa pamoja na baadhi ya waumini wao.

Hapo nilisimamisha kupiga chapa kwa siku kadhaa. Mwezi uliofuata, Juni 3, ndipo vijana wa Namugongo walipochomwa kule Buganda, na leo kuna sikukuu, mabasi, mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya nzima. Mimi nimekwenda Namugongo. Nililipa nauli, nikalala kwenye mkeka, nikarudi na maji kwenye chupa. Golbanti iko karibu nasi kiasi kwamba bodaboda anakupeleka na kukurudisha kabla ya chakula cha mchana, na sikuwahi kumsikia mtu akisema twende tukawakumbuke wale.

Nikiwa hapohapo niseme jambo la William During. Alihudumu Golbanti baada ya mauaji yale, wakati ambapo kupelekwa kule kulikuwa kama kupelekwa vitani. Alikuwa Mwafrika kutoka Sierra Leone. Kwenye ile karatasi ya taipureta, neno "wamisionari" kila mtu analisoma na kuona sura nyeupe. Nilipoliweka jina la During kwenye historia, mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara ya pili alikuwa akitabasamu.

Sasa hao wa mwaka 1887. Hao ni wengine kabisa, ni Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, kituo kidogo kilichoanzishwa na mchungaji Ludwig Doll karibu na mto Rhine, ambacho kilituma watu wake wa kwanza Java na halafu kwetu. Hawakuwa na mishahara ya uhakika. Kanuni yao ilikuwa kuomba na kungoja Mungu alete. Hawakuokota jina la Mto Tana kwenye kapu. Miaka miwili kabla, ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wamepata mkataba wa ardhi na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Misheni ikafuata bendera. Kijana mmoja, Ferdinand Würtz, akakaa Ngao. Bendera iliondoka mwaka 1890, Ujerumani ilipoiachia Uingereza Witu katika mkataba uleule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, lakini Würtz hakuondoka.

Na alifanya jambo ambalo Golbanti hawakulifanya: alikaa na sisi. Akajifunza Kipokomo, akaandika maneno yetu na sarufi yetu, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya la Kipokomo likachapishwa. Hebu fikiria. Kabila la watu wachache, kando ya mto, tulikuwa na Agano Jipya letu wakati ambapo makabila makubwa ya Kenya yalikuwa bado hayana lao.

Nyanya alijifunza kusoma kwa kitabu hicho. Baba yake alikuwa mpiga pondo: kazi yake ilikuwa kusukuma mtumbwi wa misheni kwa ule mti mrefu, kutoka bandari ya Kau hadi Ngao, dhidi ya maji, na mizigo ya watu wengine miguuni mwake. Hakuwa mwinjilisti wala mzee wa kanisa. Anasema alijifunza herufi kwa kusoma maandishi ya masanduku: jina la Lamu kwanza, kwa sababu lilikuwa fupi. Nyanya ana nakala moja ya Agano, haina jalada wala mwanzo, inaanzia katikati ya Marko. Imefungwa kwa kitambaa cha leso, na leso imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni wa unga. Nilimwomba anisomee. Hakuangalia kitabu. Alikishika tu mapajani akanitamkia mlango mzima wa Marko, polepole, macho yake yakiwa kwenye kuku waliokuwa wakila mchele wake uani. Wajukuu walikuwa wakicheka, kwa sababu maneno mengine hayasemwi tena, na mengine leo yana maana ambayo hayafai kanisani. Alipofika mwisho alirusha jiwe kwa kuku bila kusema amina.

Kuhusu mfereji wa kufika Kau lazima niseme, kwa sababu ndio uliotupa mto tulio nao. Zamani Tana haukutokea Kipini. Ulikwenda baharini kwa njia ya Chara, kusini zaidi, na Mto Ozi ulikuwa mto wake mwenyewe, wa mashariki. Karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili, ukaitwa Belazoni, ili mitumbwi yenye mpunga na pembe ipite hadi Kau na Kipini bila kutoka nje baharini. Mfereji mwembamba, watu wanasimulia majani yalikuwa yakipiga usoni pande zote mbili. Mto ukaangalia mfereji ule, ukaona ni njia nzuri. Kidogo kidogo ukaingia, ukaupanua, na kabla karne haijaisha Tana wote ukawa unapita huko na kutokea Kipini, na Chara wakaachiwa mkondo mfu. Kwetu watu hawashangai. Mto ukipewa mlango unapita.

Kwa nini basi sisi ndio tuliobaki na kanisa, na si wale waliotafutwa? Jibu la kwenye vitabu ni kwamba mkulima anakaa na mfugaji anahama, huwezi kumfundisha alfabeti mtu aliye nyuma ya ng'ombe. Ni kweli, lakini si yote. Waorma walikuwa na majeraha yao, na walipoanza kugeuka, kuanzia mwisho wa karne ile hadi miaka ya 1930, waligeukia Uislamu, dini ya majirani zao wa biashara. Wapokomo wa juu ya mto nao wengi wao ni Waislamu. Sisi wa chini ndio tulioingia kanisani. Ukipanda gari Garsen hadi Hola unaona mpaka huo bila kuambiwa: makanisa yanapungua, misikiti inaongezeka, lugha ni ileile, embe ni lile lile.

Nyanya ana jibu lake. Anasema watu wetu walikuwa wamechoka kuogopa. Huku Waorma wanataka mavuno, huku Wasomali, huku Wamasai, huku watu wa Witu wanataka watumwa. Kukawa na mahali penye boma, na dawa ya vidonda, na mtu anayeandika barua kwa serikali. "Wewe ungekataa?" aliniuliza. Nikamwambia lakini Golbanti watu waliuawa ndani ya misheni. Akasema, "Ndiyo. Na baada ya hapo walikuja wengine wakakaa. Hiyo ndiyo iliyotushangaza."

Nuru haikuingia bila kung'oa kitu, na hapa ndipo kamati ilipotaka nikate. Kabla ya kengele, mtu wa mtoni alikuwa na ngadzi, ngoma kuu iliyotunzwa msituni na wazee, ambayo si kila mtu aliruhusiwa kuiona. Ikilia, mto wote unajua kuna jambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliichukua, na hadi leo iko London, ghalani mwa British Museum. Si misheni iliyoichukua, na nililiandika hilo wazi. Lakini misheni nayo haikulia. Wazee wa gasa, baraza letu la jadi, na wazee wa kanisa walikuwa wakigombea masikio ya watu walewale, na ngoma ilipoondoka kengele ilibaki peke yake.

Kengele yetu sisi si ya Ujerumani. Ni ringi ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe, inagongwa kwa bolti iliyotoka kwenye lori hilohilo. Lilizama kwenye tope kabla ya mimi kuzaliwa na mwenyewe akalitoa kwa vipande. Mwembe umeanza kuumeza mnyororo. Gome limeufunika nusu, hata ungetaka kuishusha leo ungelazimika kukata tawi. Mgongaji ni mzee mmoja kiziwi wa sikio moja, na anasema ni sikio la upande wa mwembe.

Vita viwili vya dunia vilipita mtoni kwa namna ya ajabu. Hakukuwa na risasi, ila kila mara Wajerumani walijikuta maadui ndani ya koloni la Waingereza, na kila mara makanisa yakabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa kwetu. Ya pili ndiyo iliyomaliza mambo: kazi ya Neukirchen ikaangukia kwa Wamethodisti, walewale wa Golbanti, na mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya likawa huru kujiongoza. Kwa hiyo ukituuliza sisi ni Wamethodisti kwa sababu gani, jibu la haraka ni Wakefield, na jibu la kweli ni Wajerumani waliofukuzwa. Nilitafuta kwenye rejista zetu majina ya wale wainjilisti wa wakati wa vita, waliobatiza na kuzika bila mshahara wala barua kutoka popote. Kurasa zile zimeliwa na mchwa na maji. Yamebaki majina ya watoto upande wa kushoto. Upande wa kulia, palipokuwa na sahihi ya mbatizaji, pana doa la kahawia.

Rejista hizo siku hizi hukaa kwenye sanduku la bati juu ya dari. Mwaka 1997 zilikuwa kwenye kabati. El Niño ilikuja usiku, na anayesimulia vizuri ni mama yangu, ambaye alikuwa mtunza hazina. Alitembea ndani ya kanisa maji yakiwa kifuani, tochi mdomoni, mabenchi yakimgonga mbavuni kwa sababu yalikuwa yakielea na kuzunguka kama ng'ombe. Alitoa vitabu viwili vya rejista na sanduku la sadaka. Alirudia cha tatu akakikosa. Mpaka leo ukimuuliza habari za siku hiyo anaanza na hicho cha tatu.

Wazee wetu walipenda mafuriko, usinielewe vibaya. Mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli huko milimani zilijaza mto, maji yakalala mashambani, yakaacha tope jeusi, na mpunga ukapandwa humo. Kila kijiji kilijengwa kwenye ukingo ulioinuka, ule uliojengwa na mto wenyewe kwa tope lake, na kanisa likawekwa palipo juu kuliko pote. Halafu yakaja mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nairobi ikapata umeme. Huku chini yale mafuriko madogo ya kila mwaka, yale ya mpunga, yakapungua. Makubwa ya kuvunja nyumba yakabaki palepale. Watu wakaanza kugombania pale pachache panapobakia na majani na maji wakati wa kiangazi, na hilo nalo limo katika historia ya kanisa langu, mtu asiniambie halimo.

Mwaka 2012 tuliuana. Kati ya Agosti na mwanzo wa mwaka uliofuata zaidi ya watu 100 walikufa Tana Delta, Wapokomo na Waorma, wanawake na watoto ndani ya nyumba zao. Tulilala kanisani kwa wiki nyingi. Katika ile rasimu yangu nilikuwa na aya ndefu hapa. Niliifuta. Niliacha sentensi moja ya tarehe, na nilipoisoma siku ile hakuna aliyekohoa.

Novemba 2023 maji yalipokuja tena, kuna mzee wa Kiorma, jirani yetu, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamezingirwa ng'ambo. Akawaogelesha. Mahali pakavu palipokuwa karibu palikuwa uwanja wa kanisa. Aliwaleta 40 na kitu, akasimama nao chini ya mwembe, yeye na fimbo yake, mvua inampiga, hakuomba. Mwenyekiti wa kamati alitoka, wakaangaliana. Sijui kilichosemwa. Najua ng'ombe walikaa siku 9, wakala maua yote ya umoja wa akina mama, wakajaza ngazi samadi, na maji yalipofika kwenye ule mstari wa 23 walisogea wakasimama ukutani kabisa, pembe zao zikikwaruza rangi ya harambee. Akina mama walilalamika mpaka Krismasi. Mwaka uliofuata bustani ile iliota kwa namna ambayo hawakuilalamikia.

Siku ya mavuno ilifika. Nilisoma dakika 19. Mwenyekiti aliniashiria saa mara tatu, nami nikajifanya siijui saa. Nilipofika kwenye Krapf na Waorma kulikuwa na minong'ono; nilipofika kwa During kulikuwa na kigelegele kimoja, cha mama yangu. Nyanya alilala usingizi kuanzia Witu.

Fahali wa karamu alinunuliwa kwa mzee yuleyule, na kama ilivyo desturi yetu ni yeye aliyemchinja, ili majirani Waislamu nao wale. Alikuwa ameshamaliza, anaosha kisu kwenye bomba nje ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Ibada ilipoisha nikatoka kwenda kuhesabu hatua, jambo ambalo nimelifanya kila mwezi tangu nianze kuandika. Nyanya anasema alipokuwa msichana kutoka mlangoni hadi ukingoni zilikuwa hatua 80. Mwezi wa kwanza mimi nilipata 34. Siku ile nilipata 31, na kipande cha ukingo kilikuwa kimeanguka karibuni, udongo wake bado mweusi wa maji, mizizi ya mwembe inaning'inia hewani.

Mzee alinifuata pale ukingoni.

"Mwanangu, nimesikia ulivyosoma. Hawa watu wa kwanza, walikuja kwa ajili yetu?"

"Ndiyo, mzee. Mlikuwa ninyi."

"Si ninyi."

"Si sisi."

Akafikiri, akageuka akalitazama kanisa, mabati, ukuta uliokwaruzwa pembe, ringi ya lori mtini.

"Kumbe ni letu. Basi ng'ombe wangu walikuwa nyumbani kwao."

Nikampelekea mwenyekiti salamu hizo mezani, wakati anapakua wali. Hakucheka. Alimalizia kupakua, akaweka nyama juu, akanikabidhi sahani nimpelekee mgeni, akasema, "Mwambie karibu. Na mwambie tunamdai sadaka ya miaka 140."